Gemu Zilizopitwa na Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapomtajia mtu gemu ya 2004 au ya 2012 ambayo hajawahi kuisikia, maswali yanayofuata ni yaleyale. Tumeyakusanya hapa. Majibu ni ya mchezaji, si ya muuza duka, kwa hiyo ukihisi kuna gemu imependelewa, ni kweli imependelewa.

Mnachagua kwa kigezo gani?

Iwe iliuza chini ya matarajio au ilifunikwa na jina kubwa zaidi, na iwe inachezeka leo bila kukuomba uivumilie. Bajeti hatuiangalii. Kadhaa kati ya hizi zilichapishwa na makampuni makubwa kama EA, Capcom na Ubisoft, na bado zikapotea. Na tusidanganyane: gemu nyingi zilizofeli sokoni zilifeli kwa sababu zilikuwa mbovu. Hizo tumeziacha zilale.

Kama zilikuwa nzuri hivyo, mbona hazikuuza?

Mara nyingi ni tarehe tu. Titanfall 2 ilitoka 28 Oktoba 2016. Wiki moja kabla yake EA hiyohiyo, waliokuwa wachapishaji wake, walishatoa Battlefield 1. Wiki moja baada yake ikaja Call of Duty: Infinite Warfare. Gemu tatu za risasi ndani ya wiki mbili. Mwenye pesa ya gemu moja akachagua jina alilolizoea, na huwezi kumlaumu.

Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Studio ya Troika waliijenga juu ya Source, injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya kampuni ya Valve, na hawakuruhusiwa kuitoa kabla ya Half-Life 2, gemu ya Valve wenyewe. Zikatoka siku moja, 16 Novemba 2004. Halafu ilikuwa na hitilafu tele, na mwanzoni mwa 2005 Troika wakafunga milango kabla hawajazimaliza. Waliozimaliza ni mashabiki, ambao wameendelea kutoa viraka, yaani marekebisho, vya bure mwaka hadi mwaka. Ukiipata leo, weka kiraka chao kwanza ndipo uanze. Ukifika kwenye hoteli ya Ocean House, ambako hakuna adui hata mmoja wa kupigana naye, vaa hedifoni na uzime taa. Kuna gemu nyingi za kutisha zenye majini kila kona ambazo hazijawahi kuifikia ile hoteli.

Nyingine zilikosa mlezi. Psychonauts ya Tim Schafer na wenzake wa Double Fine iliachwa na Microsoft ikiwa bado jikoni, ikaokotwa na Majesco, ikatoka 2005. Wakosoaji wakaimwagia sifa, wanunuzi wakapita kando, na miezi michache baadaye Majesco wakatangaza kujitoa kwenye biashara ya gemu kubwa za konsoli. Ōkami nayo ilikuja kwenye PlayStation 2 mwaka 2006, wakati macho ya watu yalishahamia kwenye PlayStation 3. Iliingia madukani Marekani Septemba. Oktoba Capcom, wachapishaji wake, wakatangaza kuivunja Clover Studio, walioitengeneza.

Mimi ni mtu wa GTA. Nianze na ipi?

Sleeping Dogs ya 2012, bila kusita.

Unacheza kama Wei Shen, polisi aliyepenyezwa ndani ya genge la Sun On Yee kule Hong Kong. United Front Games wa Vancouver walikuwa wakiitengeneza kwa jina la True Crime: Hong Kong mpaka Activision walipoifuta Februari 2011. Square Enix wakaiokota, wakaibadilisha jina, wakauza nakala milioni 1.75 katika miezi yake ya mwanzo, kisha wakaitaja miongoni mwa gemu zilizokuwa chini ya malengo yao.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni barabara. Magari yanapita kushoto na usukani uko kulia, kama Dar, Nairobi au Kampala. Mtu aliyelelewa na GTA: San Andreas hukosea upande kwa dakika chache za mwanzo, halafu anagundua kwamba hapa ndipo nyumbani na kule ndiko alikokuwa mgeni.

Cha pili ni mapigano. Bastola ni adimu, saa kadhaa za mwanzo ni mikono na miguu tu. Wanakuzunguka wanne watano kwenye uchochoro. Anayetaka kurusha ngumi anang'aa wekundu kwa nusu sekunde, unabonyeza kujikinga, unamkamata, na ukiwa umemshika unaona vitu vilivyo karibu navyo vinang'aa: kibanda cha simu, jalala, ukuta. Unamburuta mpaka hapo na mambo yanaisha vibaya kwake. Kwenye kila misheni unapimwa kwa mizani mbili. Pointi za polisi zinaanza zikiwa kamili na kupungua kila unapogonga raia au kuvunja mali ya watu. Pointi za genge zinaanza sifuri na kupanda kadiri unavyopiga kwa ukatili. Unazitaka zote, na ukikimbiza zote utaelewa Wei Shen halali vizuri kwa nini, bila mtu kukueleza.

Tafuta toleo la Definitive Edition la 2014. Muendelezo usiungoje: studio ilifungwa 2016.

Kompyuta yangu ni ya ofisini, haina kadi ya grafiki. Nina bahati?

Unayo. Psychonauts, Bloodlines na Beyond Good & Evil ya awali zilitengenezwa kwa mashine za miaka ishirini iliyopita; laptop yoyote ya kuandikia ripoti inazimudu. Katika Psychonauts usiache kabla ya kufika ndani ya kichwa cha yule mlinzi wa lango mwenye wasiwasi. Ni mtaa mzima wa nyumba uliopindwapindwa angani, umejaa majasusi waliovaa makoti marefu wanaojifanya raia wa kawaida. Mmoja ameshika mkasi wa kukatia maua, mwingine kibao cha barabarani, na kila mmoja anajieleza kwa sauti kavu kana kwamba amekariri usiku uliopita. Ukitaka kupita, nawe tafuta kitu cha kushika.

Lakini kwa kompyuta dhaifu sisi tungekupa Return of the Obra Dinn ya 2018. Lucas Pope aliitengeneza karibu yote peke yake, muziki ukiwemo. Picha zake ni za rangi mbili tu, kama skrini za Macintosh za zamani.

Mwaka ni 1807. Meli ya biashara iliyodhaniwa imezama inarudi yenyewe hadi Falmouth, Uingereza, bila mtu hai ndani yake. Wewe ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya East India. Una daftari lenye orodha ya watu 60 na michoro ya nyuso zao, na una saa ya mfukoni ambayo ukiielekeza kwa maiti inakurudisha kwenye sekunde aliyokata roho. Unasikia sauti gizani, kisha tukio linaganda na unaweza kutembea katikati yake, uchungulie chini ya meza, umtazame aliyesimama nyuma ya mlango. Kazi yako ni kuandika kila mtu ni nani, amekufaje, na nani amemuua.

Hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Unamtambua mtu kwa lafudhi, kwa sare, kwa aliyezoea kukaa naye. Kuna mahali mabaharia wamelala kwenye vitanda vya kuning'inia, wamejifunika gubigubi, na kinachochungulia ni miguu tu. Ukikumbuka vile viatu uliviona wapi, umepata jina. Na huwezi kubahatisha kirahisi, maana gemu inakuthibitishia majibu matatumatatu yakiwa sahihi yote. Wakosoaji waliipenda sana. Kwenye vibanda vyetu vya gemu haina jina kabisa. Kasoro yake ni moja: ukishaimaliza huwezi kuirudia mpaka usahau.

Kuna gemu yoyote inayozungumza Kiswahili?

Ipo, na inasikitisha ni wachache mno wanaoijua. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, na kwenye mipangilio unaweza kuchagua sauti za Kiswahili. Studio yake, Surgent Studios, ilianzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya; kama umecheza Assassin's Creed Origins umeshamsikia, ndiye Bayek.

Salim aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie Baba. Bei ni mizimu mitatu mikubwa ambayo lazima ikamatwe. Ana vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu na cha mwezi kwa kurusha kutoka mbali, na unabadilisha kati yao katikati ya kuruka. Kati ya vita na vita anakaa chini ya mbuyu na kuzungumza kuhusu huzuni yake, na hizo dakika za kukaa ndizo zinazomwongezea uhai. Kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora ya gemu nzima. Mapigano yenyewe ni ya wastani, sehemu ya kati inajirudia, na kuna mbio za kukimbia lava zitakazokufanya uweke pedi chini kwa muda. Hata hivyo, mtu anayelalamika kila siku kwamba gemu hazitujui angeanzia hapa. Ilitoka kwa dola 19.99, chini ya theluthi moja ya bei ya gemu kubwa. Julai mwaka huohuo studio ikapunguza wafanyakazi.

Na zinazoonyesha Afrika?

Swali hili huja na mitego. Far Cry 2 ya 2008 imewekwa katika nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Far Cry 3 ilipokuja ikaifunika kabisa, na watu wengi wameanzia pale. Wamekosa kitu. Katika ya pili hakuna ramani kwenye kona ya skrini: mhusika anatoa ramani ya karatasi kwa mkono, na ukiwa unaendesha gari unapaswa kutupia jicho ramani huku jicho jingine likitafuta shimo. Bunduki uliyookota kwa adui ina kutu na inaweza kukwama katikati ya mapambano, ukabaki unaipigapiga huku risasi zinakuja. Moto unashika nyasi kavu na kufuata upepo, upepo ukigeuka unakufuata wewe. Na una malaria. Macho yanafifia wakati usioutarajia, unameza kidonge. Vidonge vikiisha unawafanyia kazi watu waliojificha ili wakupe vingine.

Kama gemu ya ufundi, hatujaona nyingi za kuifikia. Kama picha ya Afrika, ni nchi isiyo na soko wala foleni ya maji wala mtoto wa shule. Karibu kila unayekutana naye porini ana silaha. Vilevile vizuizi vya barabarani hujijaza upya walinzi kila ukipita, jambo linalochosha. Ichezeni mkijua hayo.

Aurion: Legacy of the Kori-Odan ya 2016 ni kinyume chake. Imetengenezwa Yaoundé, Kamerun, na Kiro'o Games. Enzo, mwana wa mfalme, anapinduliwa siku ya kutawazwa na kuanza safari pamoja na mkewe Erine. Mapigano yana kasi, maandishi ni mengi kupita kiasi.

Na kama unataka kitu cha nyumbani kisicho na damu, Mini Motorways ya Dinosaur Polo Club wa New Zealand ina ramani ya Dar es Salaam. Unachora barabara, nyumba zinaongezeka, magari yanajaa, mwisho mji unakushinda. Wakazi wa Dar hawahitaji maelezo zaidi. Ipo kwenye kompyuta tangu 2021, na kwa wenye iPhone iko Apple Arcade, huduma ya gemu ya kulipia ya Apple.

Mimi nacheza kwenye simu tu.

Uko na wengi. Bully ya Rockstar, ya 2006, iliishi chini ya kivuli cha San Andreas ingawa ina ulimwengu uliopangwa vizuri kuliko gemu nyingi zilizoizidi ukubwa: shule moja, mji mmoja mdogo, kengele ya vipindi, na majira ya mwaka yanayobadilika. Toleo la Anniversary Edition lilikuja kwenye simu 2016. GTA: Chinatown Wars nayo ilizaliwa 2009 kwenye konsoli ya mkononi ya Nintendo DS, ikauza kidogo kwa jina kama lile, na inatazamwa kutoka juu kama GTA za kwanza, kwenye Android na iPhone inakaa vizuri. Usipotaka vurugu, Mini Metro, ya kuchora njia za treni.

Emuleta ni halali?

Programu yenyewe inayoiga konsoli, kama PPSSPP inayoendesha gemu za PSP (konsoli ya mkononi ya Sony) kwenye simu, haina kosa. Kosa liko kwenye kupakua nakala ya gemu usiyoinunua, hata kama kila mtu mtaani anafanya hivyo. Wenye diski zao za PSP, rudieni LocoRoco na Patapon.

Kwa nini ninunue sasa? Si zitakuwepo tu?

Hapana. Utafiti wa Video Game History Foundation wa 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipo tena sokoni. Nintendo walifunga duka la mtandaoni la konsoli zao za 3DS na Wii U Machi 2023. Duka la Xbox 360 likafungwa Julai 2024. Spec Ops: The Line ya 2012, inayokupeleka Dubai iliyofunikwa na mchanga na kukuacha ukijichukia, iliondolewa madukani Januari 2024 kwa sababu leseni za baadhi ya vitu vilivyomo ziliisha muda. Walioinunua kabla bado wanayo. Wengine watafute diski zilizokwishatumika.

Zinazotegemea seva zina hali mbaya zaidi. The Crew ya Ubisoft ilizimwa 31 Machi 2024 na hata aliyeilipia hakuweza kuiwasha. Ndiyo maana orodha yetu imeegemea gemu zenye hadithi unazoweza kucheza bila intaneti.

Bando linaniumiza. Nifanyeje?

Angalia GOG, duka la gemu la mtandaoni, kwanza. Gemu za huko hazina kufuli: unapakua faili la kusakinisha mara moja, mahali penye Wi-Fi, unaliweka kwenye flashi, na baada ya hapo huhitaji mtandao tena. Linganisha na Call of Duty za siku hizi zinazopita gigabaiti 100 na masasisho juu. Kwenye Steam, duka jingine la mtandaoni, subiri punguzo la majira ya joto na la Desemba. Gemu za umri huu hushuka sana. Usipoipenda, pesa inarudi kama hujapita siku 14 tangu kununua na hujacheza saa mbili. Kadi ya mtandaoni ya pesa za simu inatosha kulipia.

Watoto wanaweza kucheza?

Ōkami ndiyo, kuanzia umri wa kusoma Kiingereza kidogo. Psychonauts pia, kwa wakubwa kidogo. Bloodlines, Sleeping Dogs, Far Cry 2 na Spec Ops ni za watu wazima, na hatusemi hivyo kwa adabu tu.

Siwezi kuvumilia picha za zamani.

Anza na Ōkami katika toleo la HD. Imechorwa kama wino juu ya karatasi ya Kijapani, na wino hauzeeki kama zinavyozeeka nyuso za binadamu za 2006. Wewe ni Amaterasu, mungu jua katika mwili wa mbwa mwitu. Unasimamisha ulimwengu, skrini inageuka karatasi, unachora duara angani na jua linatoka. Unachora mstari na mti unakatika. Urefu wake unaweza kukushinda, na mazungumzo ya mwanzo ni marefu mno. Yapite.

Kinachozeeka kweli ni kamera na vitufe. Ukiona gemu ya zamani inakukera, jaribu kubadilisha mpangilio wa pedi kabla ya kuitupa.

Kuna mnayoona inasifiwa kupita kiasi?

Beyond Good & Evil. Tunaipenda. Jade ni mwandishi wa habari mwenye kamera, anapata pesa kwa kupiga picha wanyama wa sayari ya Hillys, na mpaka leo gemu chache zimefanya kazi ya kamera iwe tamu hivyo. Lakini sehemu za kunyatia walinzi ni dhaifu, na inaisha ndipo inapoanza kunoga. Sehemu ya sifa zake inatokana na muendelezo uliotangazwa 2008 na haujatoka. Toleo jipya la 2024 ndilo la kununua.

Mbona hamna mpira?

Mpira haujapitwa na mtu.

Nina wikiendi moja tu. Ipi?

Titanfall 2, hadithi yake, saa sita hivi. Kuna levo inaitwa Effect and Cause ambapo unapewa kitufe cha kuruka kati ya nyakati mbili: maabara iliyochakaa, yenye miti inayoota sakafuni, na maabara hiyohiyo miaka ya nyuma ikiwa imejaa walinzi. Unakimbia ukutani, ukuta unaishia hewani, unabonyeza, ukuta upo. Adui watatu mbele yako? Bonyeza, hawapo, tembea hatua nne, bonyeza tena, uko nyuma yao. Wenye kompyuta waingie kwanza kwenye akaunti ya EA wakiwa na mtandao, kisha wacheze hadithi. Ugumu weka Hard, maana Regular inapita haraka mno.